Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Kwetu Kakamega hakuna asiyeujua mukombero, ule mzizi mtamu wenye kunukia ambao watu huutafuna njiani. Mimi niliutafuna usiku wa kuamkia mtihani wa Kidato cha Pili. Nilipopita, wacha we! Nikaapa kwamba mzizi ndio ulionitia akili.

Mwaka jana Nyanya alianza kusahau. Yeye, ambaye kijiji kizima kilimwendea kwa dawa za miti shamba, akawa ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Siku moja alipotea njia ya kutoka sokoni, njia aliyoipita tangu ujana wake. Nililia. Kisha nikapata wazo: nitamchemshia mukombero kutwa mara tatu.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa Bayolojia, hakunicheka. Aliniuliza tu, "Kabla ya mtihani ule, ulisoma ama hukusoma?"

"Nilisoma, mwalimu. Tena sana."

"Basi umejuaje kwamba ni mzizi uliokusaidia?"

Nikabaki kinywa wazi.

Alinieleza kwamba ubongoni mna kemikali iitwayo asetilikolini, inayosaidia kumbukumbu, na kimeng'enya kinachoivunja. Watafiti husaga mmea, huuloweka katika maji au alkoholi, kisha hupima kama maji yale yanakizuia kimeng'enya hicho. Galantamini, iliyotokana na maua ya Galanthus na kuchunguzwa na Wasovieti na Wabulgaria miaka ya 1950, hukizuia. Marekani iliiidhinisha mwaka 2001 kwa wagonjwa wa Alzheimer. Haiponyi, ila huwapunguzia baadhi yao dalili.

Lakini ginkgo ya Uchina, pamoja na sifa zake zote, ilijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069. Takriban nusu walipewa ginkgo, waliosalia vidonge bandia. Matokeo ya 2008 yalionyesha kuwa haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Ama kweli, sifa si dawa!

Basi sikumchemshia Nyanya chochote. Tayari alikuwa akimeza vidonge vya presha, na dawa mbili zikikutana mwilini bila kipimo zaweza kudhuru. Tulimpeleka hospitalini.

Siku hizi, nikiwa likizoni, hukaa naye nikiwa na daftari. Naandika jina la mmea, sehemu itumikayo, unavyochemshwa na kiasi cha kunywa. Likizo iliyopita aliniuliza, "Kijana, wewe ni mtoto wa nani?" Moyo ulinipasuka. Halafu akalitazama jani nililoshika, akanitajia jina lake na ugonjwa linaoutibu, bila kusita hata kidogo.

Wanachama wenzangu, maabara haiwezi kupima mmea ambao hakuna anayeukumbuka. Mwalimu alinifundisha kuuliza kama dawa inafanya kazi, naye Nyanya bado ananifundisha dawa yenyewe. Ikiwa nyumbani kwenu kuna nyanya au babu, shika kalamu sasa, usingoje kesho.