Grogan: Ambako Datsun kuukuu hupewa pumzi mpya

Mgeni anayeshuka kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea mtoni hana haja ya kuuliza Grogan iko wapi. Atasikia nyundo kabla ya kuona kibao. Kibao chenyewe kitamwambia yuko Barabara ya Kirinyaga. Jina la kale lilitokana na Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, ambayo aliimaliza mwaka wa 1900. Jina lilibadilishwa baada ya uhuru, lakini ndimi za wenye magari zilikataa kubadilika.

Hapa magari makuukuu hukataa kufa. Maduka ya spea yamebanana, na nje yake mafundi huchutama juu ya injini zilizofunguliwa. Miongoni mwa wagonjwa wao wa tangu zamani ni Datsun 1200, gari lililoanza kutengenezwa Japani mwaka wa 1970 likiwa na injini ya sentimita 1,171 za ujazo. Tena, Shekhar Mehta alishinda mbio za Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Si ajabu basi mwenye pikapu kuukuu kutamani mngurumo wa aina ile. Dawa anayoitafuta ni kabureta kubwa ya Weber, nayo haiwezi kukaa bila manifoldi yake.

Manifoldi, msomaji, ni matawi ya bomba yanayogawia kila silinda hewa na petroli kutoka kwenye kabureta. Katika Datsun hii, manifoldi hiyo na ile ya eksozi zimekaa upande mmoja wa injini, moja juu ya nyingine. Zinatumia gasketi moja, na baadhi ya nati huzibana zote mbili kwa pamoja. Hapo ndipo pana mtego.

Fundi mzoefu hakimbilii spana. Kwanza huweka manifoldi mpya kando ya ile ya eksozi na kupima unene wa kingo zake. Ukingo mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake, nati itaubana huo na kuuacha wa pili ukilegea. Kisha huweka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi kuona kama umepinda. Husugua mabaki ya gasketi kuukuu kwa uangalifu, kwa maana hedi ni ya aluminiamu na huchubuka upesi. Nati huzikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa zamu. Injini ikishapata moto na kupoa, huzikaza tena.

Kwa nini taabu yote hiyo? Mahali palipolegea hufyonza hewa ambayo haikupimiwa petroli. Injini hutetemeka ikiwa imesimama, hupata joto kupita kiasi, na mwishowe valvu huungua. Aliyetaka nguvu hurudi nyumbani kwa matatu.

Lakini swali zito zaidi ambalo fundi mwema humuuliza mwenye gari ni hili: "Gari hili litakwenda wapi?"

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta, ambavyo mafundi huviita jeti, vikichaguliwa kwa hewa ya Nairobi pekee, petroli itakuwa haba gari likifika pwani. Litagonga na kuchemka likipanda Nyali na mzigo. Likitoka pwani na jeti za huko, litapanda bara likitoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ngamia.

Anayekwenda Naivasha naye ana lake la kujiuliza. Gari ambalo breki zake husaidiwa na mfyonzo wa injini huwa na mpira unaotoka kwenye manifoldi. Manifoldi mpya isiyo na tundu la mpira huo, au iliyo na tundu linalovuja, huiacha pedali ikiwa ngumu kama jiwe. Kwenye uwanja wa gereji huenda usitambue. Kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu, nyuma ya lori, huku watoto wakiwa kiti cha nyuma, utatambua umechelewa.

Kwa hiyo ukizuru Grogan, usimharakishe fundi anayepima. Mwombe anyunyizie maji penye maungio injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, pana uvujaji. Jaribu breki mahali tambarare. Kisha ndipo uwaite jamaa wapande.