Punda wa Daktari

Ukionekana porini peke yako huku kwetu Garissa, huna fimbo wala mnyama mbele yako, watu hawakuulizi unakwenda wapi. Wanakuuliza, "Umepoteza nini?" Na wana haki. Mtu mzima anafuata nini kichakani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama hajapotelewa na ngamia, mbuzi au mtoto? Kutembea kwa ajili ya kutembea, uende mikono mitupu na urudi mikono mitupu, ni ugonjwa wa watu wa mjini. Kwangu ulikuwa ugonjwa kweli.

Nauza dawa. Si daktari, lakini hapa ukivaa koti jeupe ukasimama nyuma ya kaunta umeshakuwa daktari, na kukataa ni kupoteza wakati. Kwa miaka mingi wateja wameniambia, "Daktari, moyo unaenda mbio," au, "Daktari, kifua kinabana na hospitali wamesema sina kitu." Nilikuwa nikiwapa dawa ya kiungulia na kuwashauri wapunguze chai ya usiku. Laiti ningewapata wote leo niwaombe radhi.

Mafuriko ya 2024 ndiyo yaliyonifunza. Mto Tana ulifurika, barabara ya Madogo ikakatika, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa basi. Nilivuka kufuata maboksi ya dawa yaliyokwama ng'ambo. Tukiwa njiani kurudi, mashua imejaa na maji yana rangi ya chai ya maziwa, injini ilikohoa ikazimika. Tulielea labda dakika mbili. Mama aliyekaa mbele yangu alimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alishika mkanda wangu wa suruali. Hatukuwa tunajuana. Injini ikawaka, tukafika, nikalipa nauli, nikahesabu maboksi. Siku chache baadaye, mwishoni mwa Aprili, mashua nyingine iliyojaa abiria ilipinduka Kona Punda, upande ule ule wa Madogo, na watu wakafa maji.

Mimi nilikuwa mzima. Nilikula, nililala, nilifungua duka. Wiki tatu baadaye jirani yangu aliwasha jenereta, ikakohoa mara mbili kabla ya kushika. Basi. Nilikuwa nahesabu vidonge kwenye trei, nikaona vidole vyangu vimekufa ganzi, halafu midomo. Moyo ulipiga hadi nikausikia masikioni. Niliketi juu ya boksi la maji ya dripu, nikawa na hakika kabisa kwamba nakufa, na wazo langu la mwisho, nakiri kwa aibu, lilikuwa kwamba droo ya pesa iko wazi.

Sikufa. Baada ya dakika kama kumi hali ilipoa yenyewe. Daktari niliyekwenda kumwona, daktari hasa, alinipima moyo kwa mashine, akanionyesha karatasi yenye mistari. "Moyo wako mzima. Ila una soja mwoga. Mbuzi akipita anapuliza filimbi kama ameona mwizi." Akanieleza kitu nilichopaswa kukijua kwa kazi yangu: ukipumua harakaharaka na mwili haufanyi kazi yoyote, unatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi na kizunguzungu. Unadhani unakosa hewa, kumbe umezidisha. Dawa ya hapo hapo ni kutoa pumzi polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kuhusu vidonge alisema tutaona baadaye. Kwanza nitembee kila siku, na nielekee kule ninakokukwepa, kidogo kidogo.

Alijuaje nakwepa? Nilikuwa nimeanza na daraja. Nikaongeza barabara inayoteremka mtoni. Kisha nikaacha kununua maembe kwa kina mama wa mashamba ya kando ya mto, nikamtuma kijana wa dukani. Kila nilipokwepa nilipata nafuu ya saa moja, na kesho yake mpaka wa hofu ukawa umesogea karibu na mlango wangu.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho na autazame mathenge. Mti huu uliletwa kwetu kwa nia njema. Miaka ya 1980 ulipandwa Bura na Hola kwenye miradi ya unyunyizaji, uwe kuni na uzuie mchanga, na kazi hiyo uliifanya. Kisha ukafunga njia za mifugo, ukaingia mashambani, ukatoboa matairi na kandambili. Kule Baringo wananchi walifika hadi mahakamani na mbuzi aliyepoteza meno kwa kutafuna maganda yake. Mimi nilikuwa nimejipandia mathenge kifuani, kwa nia njema vile vile.

Nilianzia mbali na maji, Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji kwenye njia ya Masalani, ambako jamii yenyewe inawalinda twiga. Ni pori la migunga na miswaki, wazi, unaona mbali. Twiga ni mwalimu mzuri kwa mwenye wasiwasi. Anakuona kabla hujamwona, anakutazama kwa makini, masikio mbele. Akishajua wewe ni nani anarudi kula. Hakimbii kwa sababu aliwahi kukimbia jana.

Mwezi wa pili nikageukia mto.

Niseme wazi hapa kwamba kutembea peke yako katika upande wetu wa nchi si jambo la kukurupuka. Msitu mkubwa wa asili wa kaunti hii ni Boni, kusini kuelekea Lamu, hifadhi ya taifa tangu 1976, nyumbani kwa Waaweer wanaopiga mluzi na kumfuata ndege wa asali hadi kwenye mzinga. Ningependa sana kuuona. Siendi. Tangu operesheni ya usalama ya 2015 kule si mahali pa mtu mmoja na chupa yake ya maji. Na mji wenyewe haujasahau tarehe 2 Aprili ya mwaka huo huo, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kwa hiyo mtu akija kuniambia kwamba hofu ni mawazo tu, namwuliza anaishi wapi. Mimi hubeba kitambulisho, humwambia mke wangu napita njia gani na saa ngapi nitarudi, na sibadilishi njia katikati.

Msitu wa kando ya Tana ni mwembamba. Mahali pengine unauvuka kwa dakika chache, lakini ukitoka kwenye vumbi na joto la kule nje ukaingia chini ya mikuyu unahisi kama umefunguliwa mlango wa nyumba ya udongo. Kuna mikoma, kuna migunga mirefu ya mtoni, na chini chini hakuna upepo. Hondohondo wanagombana juu. Yuko pia mti mmoja wa jamii ya popla, ndugu wa zile za Ulaya, unaoota kingoni mwa mito yetu kama Tana na Athi na sehemu chache za kaskazini mwa Tanzania. Mbegu zake ni vinyoya, hupeperuka na kutafuta mchanga mbichi ambao mto umetoka kuuacha.

Hapo ndipo niliposimama siku ya tano au ya sita. Alama ya matope ya mafuriko ilikuwa kwenye shina la mkuyu, juu ya kichwa changu, nikaiangalia na mikono ikaanza kufa ganzi. Nikatoa pumzi, polepole, nikihesabu hadi sita. Nikatazama chini ili nisitazame ile alama. Miguuni pangu, kwenye tope lililokauka na kupasuka kama mkate, palikuwa na michipukizi mingi, kila mmoja na majani mawili au matatu. Wanaochunguza misitu hii wanasema inategemea mafuriko: maji yasipotoka nje ya kingo, miti mikubwa huzeeka na mingine haizaliwi. Tangu mabwawa ya juu yalipojengwa, Masinga lile kubwa likiwa la 1981, mto umezoea kupimiwa. Maji yaliyoizima ile injini yetu ndiyo yaliyoleta kitalu hiki. Sikufurahi kulijua hilo, kwa maana waliokufa wamekufa. Ila nilikaa hapo kama nusu saa nikihesabu majani, na ganzi iliondoka nisijue saa ngapi.

Sasa, punda.

Mzee mmoja mwenye mbuzi alinikuta nimechuchumaa kwenye yale matope. "Adeer," akaniita, kama wazee wa Kisomali wanavyomwita kijana yeyote, "umepoteza nini?" Siku nyingine nilikuwa nikijibu kwamba nafanya mazoezi, nao hunitazama kwa huruma. Siku hiyo nilichoka kuhurumiwa. Nikasema, "Natafuta punda."

"Wa rangi gani?"

"Kijivu."

"Punda wote ni kijivu."

"Sikio la kushoto lina pengo," nikasema, na nilijisikia mjinga papo hapo.

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Sikujua kwa nini nilisema punda, nikasingizia kwamba Garissa imejaa punda wa kubeba maji. Ni juzi tu nilipokuwa naandika haya ndipo jina la Kona Punda liliponirudia.

Uongo huo ulinitembeza kuliko ukweli. Wachungaji walianza kunipa habari. Kuna punda ameonekana karibu na mashamba ya ndizi. Kuna nyayo zinapanda juu. Kwa heshima yao ilinibidi nikaangalie, na kwa kuangalia nikajifunza kusoma ardhi: unyayo wa punda ni mwembamba, wa ngamia ni kama sahani laini, wa kiboko una vidole vinne. Asubuhi moja niliona huo wa mwisho ukiwa bado unachuruzika maji, ukielekea upande niliokuwa nikienda. Moyo ulipiga. Lakini ulipiga kwa namna nyingine, bila ganzi, bila kizunguzungu, miguu ikijua la kufanya. Kiboko hula usiku na kurudi majini alfajiri, na asiyetaka kufa hasimami kati yake na mto. Niligeuka nikarudi nyumbani, na kutoka siku hiyo nikawa nasubiri jua lipande kwanza. Njia nzima nilikuwa natabasamu kama mwendawazimu: soja wangu alikuwa amepuliza filimbi na kweli mwizi alikuwepo.

Wasomali wana neno welwel kwa ile hofu isiyo na mnyama. Letu la wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono. Nadhani hili la mnong'ono limekaribia zaidi. Kiboko hanong'oni.

Miezi minne baada ya ule uongo, nikiwa dukani na foleni ya watu watano, yule mzee akatokea mlangoni. Nyuma yake, amefungwa kwenye nguzo ya stima, alikuwepo punda. Kijivu. Sikio la kushoto lina pengo.

Foleni nzima iligeuka kumtazama. "Daktari, umempata!" akasema mama mmoja kwa furaha ya kweli. Mzee alikuwa amemtembeza tangu alfajiri.

Nilimwomba aingie nyuma ya duka, nikamletea kiti, nikammiminia chai. Nikamwambia yote: mashua, jenereta, boksi la dripu, daktari, na kwamba sijawahi kumiliki punda maishani. Alisikiliza akizungusha kikombe. Sikuweza kumtazama.

"Kwa hiyo ulikuwa unatafuta moyo," akasema hatimaye.

"Ndiyo, adeer."

"Ungesema. Mimi tangu ukame ule silali." Ng'ombe wake walikufa karibu wote katika kiangazi kile kirefu kilichotangulia mafuriko, na usiku husikia kengele zao. Ghafla nikamkumbuka: huja kila wiki kununua dawa za maumivu ya kichwa, na mimi humpa, natoa chenji, namwambia tuonane wiki ijayo. Akamaliza chai. Kisha akauliza swali ambalo mimi katika aibu yangu sikuwa nimelifikiria. "Sasa huyu ni wa nani?"

Kesho yake tulimrudisha pamoja. Mzee alimwokota kwenye malka, ile njia pana ambayo wenye mashamba na wenye mifugo wamekubaliana iachwe wazi ili wanyama wafike mtoni, na alisema mwenye punda lazima atapita hapo kunywesha. Nilishika kamba. Punda alijua anakokwenda. Pale ukingo unapoanza kuteremka nilisimama, yeye hakusimama, na kamba ikakaza.

"Mamba?" nikauliza.

Mzee aliyatazama maji kwa muda mrefu, juu na chini, kama yule twiga wa Bour-Algi. Akaokota kijiti, akakitupa majini, akatazama tena.

"Leo hapana," akasema. "Mlegezee kamba anywe."