Tufaha la Bibi

Neno tufaha limetujia kutoka Kiarabu, na katika safari hiyo limebadilisha tunda bila ya kubadilisha jina. Huko lilikotoka ni tunda la nchi za baridi, gumu, lenye kulia chini ya jino. Hapa visiwani mtoto akitumwa kununua matufaha hurudi na tunda jekundu lenye umbo la kengele, nyama nyeupe na harufu ya waridi. Lile la ng'ambo wachuuzi wameliita epo, mambo yakesha. Wapenzi wa shairi hawalioni hilo kuwa ajabu, kwani wamezoea neno moja kubeba vitu viwili. Mimi, ndugu msomaji, ninalo tufaha la tatu, ambalo halimo katika kamusi yoyote. Nalo ni la Mtowisa.

Mtowisa iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo mrefu wa milima ambao wenyewe huuita Lyamba lya Mfipa. Anayetoka Sumbawanga hupita Ntendo, akateremka mpaka Muze, kisha akaendelea na bonde. Juu, kwenye uwanda wa Ufipa ulio kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa Juni watu hulala na mablanketi mawili. Chini, ziwa liko kwenye mita 800 hivi, na joto lake halipishani sana na la Unguja, ila halina upepo wa bahari wa kulituliza. Juu hulimwa ngano na ulezi. Chini mpunga, mahindi na ufuta. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa juu akaolewa chini, na mkate wake ulikuwa na nchi zote mbili ndani yake.

Mtufaha wa ng'ambo hauzai vyema mpaka upate majira ya baridi ya kuulaza. Kwa hiyo nchini mwetu hupandwa Lushoto, Njombe na Makete. Bondeni kwetu hauna maisha. Nilipoona picha ya tunda hilo katika kitabu cha shule nilimpelekea Bibi anieleze. Aliitazama kwa muda, akasema, "Mume wangu, hili ni suku lililopakwa rangi." Tangu siku hiyo masuku nyumbani kwetu yakaitwa matufaha ya Bibi.

Msuku, ambao kwingine huitwa mkusu, ni mti wa miombo, nao umejaa kwenye miteremko ya ukingo ule. Tunda lake ni la mviringo, rangi yake kati ya manjano na kutu. Ndani ya ganda mna nyama laini, tamu, iliyozishika kokwa tatu au nne kwa nguvu. Huiva mvua zinapoanza, wakati ghala limebaki vumbi na mahindi mapya bado ni majani. Kwa sababu hiyo watu wa kwetu hawalitaji suku kwa dharau: limewavusha wengi.

Bibi aliyakanda masuku katika maji kidogo, akachuja kokwa, akachanganya rojo lile na unga wa mahindi na wa ulezi, kisha akatia asali. Hamira hakuijua wala hakuihitaji. Aliufunika mchanganyiko usiku kucha, na tunda lenyewe likauumua. Asubuhi alibabua majani ya mgomba motoni mpaka yalainike, akayatandika katika sufuria, akamimina, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Nilipofika Unguja kufanya kazi na kuona mkate wa kumimina ukipikwa kwa moto wa juu na wa chini, nilijiona niko jikoni kwetu. Tofauti ilikuwa katika harufu: hapa iliki, kule moshi na asali.

Mwaka mmoja nilimpelekea matufaha ya ng'ambo sita, niliyoyanunua Dar es Salaam. Alitafuna kipande, akafumba macho kama anayesikiliza. "Tunda hili limesafiri sana," akasema, "limechoka." Hata hivyo hakulitupa. Aliyakatakata yote, akayatia katika rojo la masuku, na mkate wa siku ile ulikuwa mtamu kuliko yote niliyowahi kula mkononi mwake. Vipande vya tufaha vilikuwa vimebaki na uchachu kidogo katikati ya utamu mzito wa suku. Alikula vipande viwili, jambo lisilo la kawaida yake, wala hakutoa maoni mengine.

Pembeni mwa shamba lake palikuwa na misuku minne inayozaa na mmoja mkubwa usiozaa. Mjomba aliutaka huo mkubwa kwa mkaa. "Mama," alimwambia, "mti huu tangu nizaliwe haujatoa hata tunda moja. Unakula ardhi bure." Bibi akamjibu, "Huyo ndiye mume wao. Ukimwondoa, hao wanne watavaa kaniki." Hakuwa amesoma kitabu cha miti, lakini alisema kweli: misuku ina madume na majike, na jike lisilopata chavua ya dume halizai. Wengi wanaofyeka mashamba huiacha miti yenye matunda na kuikata ile mitupu, halafu hushangaa kwa nini ile iliyosazwa nayo imekuwa mitupu. Mjomba hakushawishika. Ndipo Bibi alipofanya biashara ambayo sijaona mfano wake: kwa misimu miwili aliuza mikate mnadani, akamlipa mwanawe thamani ya mkaa ambao haukuchomwa.

Bibi alifariki mwaka 2016. Shamba liligawanywa kwa kamba, na kamba haijui mume wala mke. Misuku minne iliangukia sehemu ya mama yangu. Dume likaangukia kwa mtoto wa mjomba. Ufuta una bei, na kila mti mkubwa una kivuli ambacho ufuta haukipendi. Amenipigia simu. "Kaka," amesema, "mti ni wangu, lakini sitaki kuukata kabla sijakuuliza." Simlaumu. Ana watoto watatu shuleni.

Nimewahi kuambiwa nichukue mbegu nikapande kwingine. Lakini mbegu ya msuku ikikauka hufa upesi, na mche wake haustawi vyema bila udongo uliotoka chini ya misuku wenzake. Sanaa ya Bibi nayo haikuandikwa. Imebaki mkononi mwa mama yangu, ambaye naye hapimi kwa kikombe. Mti, mkono na udongo vinakwenda pamoja, au haviendi.

Nimemwomba ndugu yangu tubadilishane: achukue kipande cha mama kilicho karibu na kijito, chenye rutuba zaidi, atuachie pale penye dume. Amekubali kusubiri kikao cha ukoo mwezi wa Desemba, masuku yakiiva. Mama ana sharti moja tu, kwamba asizungumze mtu yeyote habari ya mipaka kabla ya mkate kuepuliwa, na huyo ndugu yangu akatiwe kipande cha kwanza.