Mhubiri Asiyechota Maji

Wahenga walisema, mganga hajigangi. Methali hiyo sikuielewa vema mpaka likizo ya mwisho wa mwaka uliopita, niliporudi kwetu Kigezi nikiwa na bidii kubwa ya kuwahubiria watu wa nyumbani.

Ndugu wasomaji, hapa shuleni mimi ni mmoja wa viongozi wa sala, na naweza kusimama mbele ya wenzangu nisitetemeke. Basi nilidhani kuwa nyumbani kazi itakuwa rahisi zaidi. Jioni ya pili, tulipokuwa tukila viazi na maharagwe, nilimgeukia baba mdogo, ambaye haendi kanisani na hupenda pombe ya mtama, nikamweleza habari za hukumu mbele ya watoto wake. Hakunijibu neno. Alinawa mikono akatoka nje, na chakula chake kikabaki nusu.

Nyanya alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, maji haya ya kunawa aliyachota nani?"

Aliyachota dada yangu mdogo. Kisima kiko chini bondeni, na mlima wetu ni mkali. Tangu nifike sikuwa nimebeba hata dumu moja, kwa kuwa nilikuwa nikitayarisha mahubiri.

Usiku ule nyanya alinisimulia aliyoyasikia kwa mama yake juu ya Uamsho, uliotoka Gahini katika nchi ya Rwanda ukafika kwetu, hata ukafanyika mkutano mkubwa Kabale mwaka 1935. Majina nilikuwa nikiyajua: Simeoni Nsibambi wa Buganda na Daktari Joe Church, walioonana Namirembe mwaka 1929 wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Lakini sikuwa nimefikiri kwamba Blasio Kigozi, mwalimu wa Gahini, alikuwa ndugu mdogo wa Nsibambi, wala kwamba William Nagenda alikuwa shemeji yake. Kumbe habari ile ilipita kwa ndugu na shemeji kabla ya kufika mikutanoni! Tena, alisema nyanya, watu hawakuanza kwa kuwakemea jirani zao. Walianza kwa kurudisha jembe la wizi, kulipa deni lililosahauliwa, na mume kumwomba mkewe msamaha.

Sikupata usingizi, maana nilikuwa na jambo moyoni. Muhula wa pili baba mdogo aliuza mbuzi wake akanipa fedha za vitabu. Mimi nilinunua viatu, kisha nikampigia simu kumshukuru kwa vitabu.

Alfajiri nilichukua dumu nikashuka kisimani. Nilipopanda nilimkuta baba mdogo uani akinoa panga. Nikatua maji, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Alinyamaza, akaendelea kunoa. Mwishowe akauliza, "Viatu hivyo ndivyo ulivyovaa siku ile uliponihukumu?" Nikasema, "Ndivyo, baba." Akacheka, lakini naliona kwamba ameumia. Likizo yote nililima shamba lake ili kufidia yule mbuzi.

Sitawadanganya: mpaka leo hajaingia kanisani. Ila usiku wa mwisho kabla sijarudi shuleni, alisogeza kiti chake karibu na taa akasema, "Haya, soma ulichotaka kunisomea. Lakini usihubiri." Nikamsomea habari za yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetolewa pepo, ambaye Yesu hakumruhusu kumfuata, bali alimtuma arudi nyumbani kwa watu wake. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akaniaga kwa upole akaenda kulala.

Basi, wadogo zangu mtakaokwenda likizo, kumbukeni kwamba hapa shuleni watu wanatusikia tu, bali nyumbani wanatujua. Chukueni Biblia zenu, msiziache. Lakini mkifika, ulizeni kwanza dumu liko wapi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita