Zima Tochi, Sikiliza

Sisi watoto wa mjini komba tunamjua kwa msemo tu: fulani kalewa kama komba. Basi. Kumbe usiku katika msitu wa Rondo, mkoani Lindi, kuna komba wa aina zaidi ya moja. Mzee mwenyeji wangu aliniambia, "Zima tochi, mjukuu wangu, sikiliza." Yule mkubwa hulia kama mtoto mchanga. Mwingine, wa gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, huita kwa sauti mbilimbili, akirudiarudia. Wataalamu walimpa jina lake miaka ya 1990 tu, na sauti hiyo iliwasaidia. Misitu yake ya pwani inaliwa na mashamba, mbao na mkaa. Magunia ya mkaa tunayahesabu. Lakini komba tusiyemtofautisha na wenzake, ndugu msomaji, siku akitoweka nani atajua?