Isecheno, na Jina Lililoandikwa Langoni



Safari ya kutoka Mombasa hadi Kakamega ni ndefu kiasi cha kuumaliza wosia wote wa wazazi na kuuanza upya. Tulikuwa tukimfikisha binti yetu katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Bibi yake alikataa katakata kubaki nyumbani. Alisema hamwachi mjukuu wake mahali ambapo yeye mwenyewe hajapaona kwa macho. Tuliposimama mbele ya lango la chuo akamwuliza, "Huyu Masinde Muliro wamjua, mjukuu wangu?" Binti akajibu kwa adabu kwamba ni jina la chuo.

"Jina la chuo," akasema bibi. "Haya."

Hakusema zaidi siku ile. Kesho yake, mambo ya usajili yakiwa yamekwisha na jioni ya kuagana bado haijafika, tuliamua kwenda Isecheno kuuona msitu. Barabara hutoka mjini kuelekea kusini hadi Khayega, kisha hukata mashariki kupitia Shinyalu, katika nchi ya Waisukha, kati ya mashamba ya mahindi na migomba. Halafu, bila ya onyo, mashamba hukoma na miti huanza.

Sisi watu wa pwani tunaijua mikoko na minazi, na kayas za jirani zetu Wamijikenda tunaziheshimu kwa mbali. Lakini msitu huu ni jambo jingine. Wataalamu husema ni kipande cha mashariki kilichobaki cha misitu mikubwa ya Kongo, na mtu akiingia ndani huamini. Mwanga hufika chini ukiwa umechujwa. Juu kabisa mbega weupe kwa weusi waliruka, mikia yao ikining'inia kama pindo za shali, na kima wakatuangalia bila woga wowote. Kima wa Isecheno wamezoea kutazamwa, kwa kuwa watafiti wamekuwa wakiwafuata tangu mwaka 1979. Kijana aliyetuongoza alitufikisha kwenye mti mnene ambao wenyeji huuita mutere, akamwonyesha bibi mizizi ya mukombero, ambayo watu wa huku huitafuna. Bibi akaonja, akakunja uso, kisha akaomba kipande kingine.

Tuliketi juu ya gogo, na hapo ndipo alipoanza.

Ardhi hii tuliyoikalia, alisema, ndiyo iliyompeleka Muliro bungeni. Na ni kweli. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, walipatikana wanane tu kwa nchi nzima. Mjumbe wa Nyanza ya Kaskazini, ambayo makao yake yalikuwa Kakamega, alikuwa Masinde Muliro, mwalimu aliyesoma hadi Chuo Kikuu cha Cape Town. Mjumbe wa Pwani alikuwa Ronald Ngala, naye pia mwalimu. Mwaka 1960 wawili hao walikuwa pamoja katika kuunda KADU, Ngala akiwa kiongozi na Muliro msaidizi wake, wakidai majimbo ili jamii ndogo zisimezwe na zile kubwa. Tusidanganyane: si wazee wote wa kwetu waliowafuata, maana wengi wa Mwambao walikuwa na dai lao jingine. Lakini kwa bibi, aliyekuwa msichana mdogo wakati huo, jina la Muliro liliingia nyumbani likiwa limeambatana na la Ngala, na hajawahi kuyatenganisha.

Ngala alifariki Desemba 1972 baada ya ajali ya gari. Muliro akabaki, akawa waziri. Mwaka 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa, na kamati ya bunge ikaleta ripoti ambayo serikali haikuipenda. Muliro aliiunga mkono kwa kura yake, na akaupoteza uwaziri. Tumesoma habari nyingi za watu waliosema kweli walipokuwa hawana cha kupoteza. Huyu alikuwa nacho, na aliijua bei yake kabla ya kuinua mkono.

Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa wazee sita walioanzisha FORD kudai vyama vingi. Mmoja wa sita hao alikuwa Ahmed Bamahriz wa kwetu pwani, na jina hili nalo vijana wetu hawalijui. Hapo lawama hatuwezi kumpelekea mtu mwingine. Desemba mwaka huo sheria ya chama kimoja ikafutwa. Muliro hakuuona uchaguzi wenyewe. Tarehe 14 Agosti 1992 aliwasili kutoka London, akaanguka katika uwanja wa ndege wa Nairobi na kufariki, miezi michache kabla ya kura.

"Hakuupiga kura?" binti akauliza.

"Hakuupiga," bibi akajibu. "Wewe utapiga."

Mvua ya alasiri ikatukuta hapo hapo. Huku hunyesha bila ya kubisha hodi. Tulikimbilia chini ya paa la bati karibu na kituo cha msitu, tukasimama pamoja na kina mama waliotoka msituni na mizigo ya kuni vichwani. Mmoja wao, aliposikia lafudhi yetu, aliuliza tumetoka wapi, akasema ana jamaa wa Mumias ambao ni Waislamu. Akampa bibi nafasi ya kukaa.

Jioni tulirudi mjini, tukaswali Magharibi na Isha, kisha tukampeleka binti hadi lango la chuo. Tulijizuia kulia, na wengine hatukuweza. Bibi alimpa kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mna pesa kidogo na kipande cha mukombero. Binti akaingia, akageuka mara moja, akatazama juu pale jina lilipoandikwa, kisha akatupungia mkono.