Mizani Mbili Zilizopungua

Wasomaji wa jarida hili wametuzoea kwa makala za ngeli na vina, na huenda wakastaajabu kutuona leo tukileta habari za bendi ya Kiingereza iliyovunjika kabla hatujazaliwa. Watuwie radhi. Sababu imo katika daftari moja la mashairi lililotufikia mwaka jana, nasi tutalifikia daftari hilo baada ya kusikiliza muziki kwanza.

Kaka yetu mkubwa alikuwa na kaseti ya Let It Be, santuri ya Beatles iliyotoka Uingereza tarehe 8 Mei 1970. Kaseti ile ilinakiliwa kutoka kaseti nyingine, na hiyo kutoka nyingine tena, hata sauti ikawa kama ya mtu aimbaye nyuma ya pazia zito. Nyumbani kwetu Jinja ilipigwa jioni, betri zikiwapo. Wimbo tulioupenda kuliko zote ulikuwa The Long and Winding Road: piano ya taratibu, sauti ya Paul McCartney, kisha violini zapanda kama maji ya mto uliofurika, na kwaya ya wanawake nyuma yake. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba ndivyo wimbo ule ulivyozaliwa.

Sivyo ulivyozaliwa. Januari 1969 vijana wale wanne walikusanyika kwa nia ya kupiga muziki pamoja, ana kwa ana, bila kubandika sauti juu ya sauti kama walivyozoea. Walianzia katika studio ya filamu huko Twickenham, wakahamia chumba cha chini katika ofisi yao ya Savile Row, London, ambako Billy Preston kutoka Marekani alijiunga nao kwa kinanda, na tarehe 30 wakapanda juu ya paa la jumba hilo wakapiga mbele ya kamera huku wapita njia wakitazama juu. Baada ya hapo kanda zikabaki zimelundikana, na hakuna aliyekuwa na hamu nazo.

Mhandisi wa sauti Glyn Johns ndiye aliyepewa kazi ya kuzichambua. Kazi yenyewe huitwa kuchanganya sauti, yaani kuamua gitaa lipande wapi, ngoma ishuke wapi, na katika marudio mengi ya wimbo mmoja ni lipi lichukuliwe. Johns aliacha mambo kama yalivyokuwa: mizaha, vicheko, nyimbo zinazoanza vibaya zikakatika. Aliwapelekea mchanganyo wake mwaka 1969, wakaukataa. Akaandaa mwingine Januari 1970, wakaukataa huo pia. Ule wa mwaka 1969 ulitolewa rasmi mwaka 2021, nasi tukausikiliza katika simu, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza cha shule baada ya vipindi. Tukiri kwamba mara ya kwanza ulituchosha. Ni kama kusoma rasimu ya mtu ambaye hajaamua atasema nini.

Machi 1970 kanda zilikabidhiwa kwa Mmarekani, Phil Spector. Huyu hakupenda upweke katika muziki. Tarehe 1 Aprili alikusanya violini 18, viola 4, selo 4, tarumbeta 3, tromboni 3, kinubi, na waimbaji wa kike 14, akawapandisha juu ya piano ya McCartney. McCartney mwenyewe hakuwapo. Alipousikia wimbo wake aliandika barua akitaka violini na sauti za kwaya zipunguzwe, na kinubi cha mwisho kiondolewe kabisa. Halikupunguzwa lolote. Alipofungua kesi ya kuvunja ushirika wao mwishoni mwa mwaka huo, jambo hili likawa miongoni mwa malalamiko yake mbele ya mahakama.

Maneno haya twaweza kuyasema kwa wepesi, lakini sikio lina ukaidi wake. Mwaka 2003 ilipotoka Let It Be... Naked, yaani albamu ileile ikiwa imevuliwa mapambo ya Spector, tulihangaika kuipata, na tulipoipata tukahisi kama tumeingia nyumba ya jirani tukakuta viti vimetolewa. Tulizisubiri violini mahali pake, hazikuja. Ilitubidi kurudia mara nne au tano kabla ya kuanza kusikia kilichokuwapo: kinanda cha Preston, na pumzi ya mwimbaji katikati ya mistari.

Ajabu ni kwamba hata huo uliovuliwa haukuwa ule wa kaseti ya kaka. Spector alitumia uimbaji wa tarehe 26 Januari 1969. Watengenezaji wa mwaka 2003 walichukua wa tarehe 31. Mwili wenyewe ulibadilishwa, si nguo tu. Anayetaka kuusikia wimbo wa tarehe 26 bila violini aweza kwenda kwenye Anthology 3 ya mwaka 1996, na huko atakuta jambo la kufurahisha: John Lennon, ambaye kwa kawaida hakupiga besi, ndiye aliyeshika besi siku ile, naye anakosea, tena si mara moja. Kadhalika nyimbo mbili za juu ya paa katika toleo la 2003 ziliunganishwa kutoka marudio mawili, ili kosa la hapa lizibwe kwa usahihi wa pale. Basi hata waliokuja kuondoa mkono wa msahihishaji walikuja na kalamu nyekundu mfukoni.

Wala tusimwonee Spector. I Me Mine ya George Harrison ilirekodiwa Januari 1970, Lennon akiwa hayupo, nayo haikufika hata dakika mbili. Spector aliirefusha kwa kurudia sehemu yake, na wale wa 2003 waliompinga katika mengine hawakuthubutu kuifupisha. Na Across the Universe ilirekodiwa Februari 1968, ikatolewa kwanza Desemba 1969 katika santuri ya kuchangia hifadhi ya wanyama, ikiwa imeharakishwa na kutiwa milio ya ndege. Spector aliipunguza mwendo, akaondoa ndege, akaweka okestra. Sauti ya Lennon ni moja katika yote, lakini yule wa ndege ni mtoto anayecheza, na yule wa Spector ni mtu anayeota. Sisi twampenda huyu wa pili, hata mbele ya yule wa 2003 aliyebaki na gitaa lake karibu peke yake, na hatuoni haya kusema hivyo.

Sasa daftari. Mwalimu mwenzetu, tuliyefundisha naye Kiswahili miaka kumi na sita, alifariki akiwa ameacha mashairi yapatayo arobaini, yaliyoandikwa kwa penseli. Mkewe alituomba tuyatayarishe yapigwe chapa. Tulifanya kazi hiyo kwa bidii, na kwa kiburi kidogo, maana darasani sisi ndio tuliokuwa tukifundisha arudhi. Katika shairi la mazishi ya mama yake, kipande kimoja kilisema tu "Mama amelala." Mizani sita, na vipande vyote vingine vina nane, isitoshe, kina cha kati kilikuwa "li", hapo kikawa "la". Tukaandika: "Mama amelala kweli." Mizani zikatimia, kina kikapatana na vingine, tukajipongeza.

Tulimpelekea mjane nakala safi. Alisoma polepole, akafika pale, akaweka kidole.

"Shemeji, neno hili ametia nani?"

Tukamweleza habari ya mizani. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Hapa ndipo alipokuwa akinyamaza," alisema. "Kila aliponisomea, akifika hapa alinyamaza kidogo, ndipo akaendelea. Wewe umempa neno la kusema."

Hatukuwa na jibu. Jioni ile tuliporudi nyumbani tulirudia uimbaji wa tarehe 26 Januari, ule wa Anthology, tukasikiliza besi ya Lennon ikipotea na kurudi. Kisha tukalifungua daftari la penseli na kuanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, tukilinganisha kila mshororo na nakala yetu safi. Tulikuta tumemtilia mkono mahali hamsini na tatu. Mahali pengine tuliridhika na kazi yetu, kwani yalikuwa makosa ya tahajia tu, ambayo mwenyewe angeyafuta kwa ncha ya kidole. Mengi zaidi tuliyarudisha yalivyokuwa.

Wiki iliyopita kijana anayetupangia kurasa alitupigia simu.

"Mwalimu, ukurasa wa 19, naona mizani mbili zimedondoka. Nizijaze?"

Tulimwambia asiuguse mshororo ule. Akauliza tena, kwa kuwa ni kijana mwangalifu, nasi tukamjibu vilevile.